Mwongozo Kamili wa Kumfuata Paladini Danse katika Fallout 4

Mwongozo huu ni wa mchezaji anayetaka kumfikisha Paladini Danse mwisho wa hadithi yake akiwa hai, na akiwa amekwisha kumsikia akisimulia utoto wake kabla ya siku ambayo utoto huo unatiwa shaka. Mambo hayo mawili hayaji pamoja yenyewe. Fallout 4, mchezo wa video ulioundwa na Bethesda Game Studios na kutolewa tarehe 10 Novemba 2015, unamruhusu mchezaji kuzipita kazi zote za jeshi la Danse mbio mbio, na akifanya hivyo atafika kwenye uamuzi mgumu kuliko yote akiwa mbele ya askari asiyemjua hata kidogo. Mimi nilifanya hivyo mara ya kwanza. Niliagizwa nikamuue mtu, nikaenda, nikamkuta amesimama bila deraya yake, na jambo lililonishughulisha zaidi lilikuwa hesabu ya risasi nilizobakiza.

Nimekwisha kuigusa siri yake, na huko chini nitaifichua yote, kwa sababu haiwezekani kupanga hatua bila kuitaja. Anayetaka kuikuta mwenyewe na aishie mwisho wa hatua ya nne, acheze, kisha arudi.

Maandalizi

Mchezo unafanyika Boston na viunga vyake mwaka 2287, miaka 210 baada ya vita vya nyuklia vya tarehe 23 Oktoba 2077. Wewe ni mzazi uliyegandishwa kwa barafu ndani ya handaki liitwalo Vault 111, ukaamka na kukuta mwenza wako ameuawa na mtoto wako ameibwa. Jeshi tutakalolifuata ni Brotherhood of Steel, ambalo hapa nitaliita Udugu. Ni jeshi lenye makao upande wa Washington, linalokusanya teknolojia ya kale ili isiangukie mikononi mwa watu ambao kwa maoni yake hawastahili kuwa nayo, na linaloamini kwamba viumbe vya aina tatu havina haki ya kuishi: maghuli walioharibika akili, yaani watu waliooza kwa mionzi, mamutanti wakubwa, yaani watu waliogeuzwa majitu, na masinthi, yaani watu wa kutengenezwa kiwandani. Danse ni afisa wa jeshi hilo na anaiamini imani hiyo kwa moyo wote. Kumbuka hivyo, kwa sababu kila hatua itakayofuata inasimama juu yake.

Kabla ya kuanza, fungua mipangilio na uwashe maandishi ya mazungumzo. Kwenye mchezo huu chaguo za mazungumzo huonyeshwa kwa neno moja au mawili tu, wakati sentensi anayoitamka mhusika wako inaweza kuwa ndefu na kali kuliko ulivyodhani, na Danse huongea kwa lafudhi ya kijeshi na istilahi nyingi ambazo sikio lisilozoea Kiingereza cha Marekani huziacha zipite. Mtu anayecheza kwenye PlayStation 4 au Xbox One sebuleni, huku ndugu wanazungumza pembeni, atazikosa kabisa.

Jambo la pili la maandalizi ni sifa ya Charisma. Wachezaji wengi huipuuza mwanzoni, wakajaza nguvu na shabaha. Kwa safari hii usiiache chini sana, kwani mara mbili utahitaji kumshawishi mtu kwa maneno, na mara zote mbili roho ya Danse ndiyo itakayokuwa rehani.

Hatua ya kwanza: kituo cha polisi cha Cambridge

Ukikaribia mtaa wa Cambridge, kifaa chako cha Pip-Boy kitanasa mawimbi ya redio ya kijeshi. Yawashe na uyasikilize. Yatakuongoza hadi kituo cha polisi, ambako askari watatu wamezingirwa na maghuli, na kazi iitwayo Fire Support itaanza hapo hapo. Pambano si gumu sana hata kwa mchezaji wa ngazi ya chini, ilimradi usisimame katikati ya ua ambako maghuli hukimbilia kutoka kila upande. Simama karibu na ngazi za kituo, umwache Danse apokee wengi wao, kwa kuwa deraya yake ya mitambo inaweza kustahimili mengi ambayo nguo zako haziwezi.

Baada ya pambano, ongea naye kwa utulivu. Walio pamoja naye ni Haylen, mwandishi wa Udugu ambaye pia ndiye tabibu wao, na Rhys, askari mwenye majeraha na maneno makali. Hawa ndio waliosalia wa kikosi cha upelelezi cha Gladius, na Danse anabeba vifo vya wengine kama deni lake mwenyewe. Usimpuuze Haylen kwa sababu anaongea kwa upole. Mwishoni mwa safari hii yeye ndiye atakayekuwa upande wako.

Hatua ya pili: ArcJet

Danse atakuomba mwende pamoja kwenye jengo la ArcJet Systems kutafuta kipitishi cha mawimbi ya masafa marefu. Kazi hii inaitwa Call to Arms, nayo si ndefu, lakini ina tukio moja ambalo mchezaji makini atalikumbuka baadaye.

Ndani ya jengo kuna kisima kirefu cha kujaribia injini za roketi. Wewe unapanda kwenye chumba cha udhibiti kurejesha umeme, Danse anabaki chini, na ghafla masinthi wanamvamia kwa wingi kiasi kwamba hawezi tena kujitoa. Mbele yako kuna kitufe cha kuwasha injini. Ukikibonyeza, moto utashuka juu ya kila aliye chini, Danse akiwemo. Wachezaji wengi husita hapa, wakajaribu kupiga risasi kupitia dirishani, na hakuna ubaya kujaribu, lakini bonyeza. Masinthi watateketea, na yeye utamkuta chini amejeruhiwa ila yu hai, kwa sababu deraya imemkinga. Ukishajua yeye ni nani, rudi kichwani kwenye kisima hiki: moto ule ule, na waliokuwa ndani yake wote.

Kabla ya kutoka, pekua masanduku na miili, kwani kuna risasi nyingi za leza. Mkishafika nje Danse atakupa bunduki yake ya leza iitwayo Righteous Authority na kukualika ujiunge na jeshi lake. Kubali. Ukikataa unaweza kurudi baadaye, lakini kila siku unayoahirisha ni siku usiyotembea naye.

Hatua ya tatu: Prydwen na Fort Strong

Mlango wa hatua hii unafunguliwa na hadithi kuu. Lazima uendelee kumtafuta mwanao hadi umkabili Kellogg, mamluki aliyemwiba, huko Fort Hagen, katika kazi ya Reunions. Ukitoka nje baada ya hapo utaiona Prydwen, meli kubwa ya angani ya Udugu, ikiingia juu ya Boston na helikopta zake pembeni huku sauti ikitangaza kwamba wamekuja kwa amani. Rudi Cambridge, uanze Shadow of Steel, na Danse atakupandisha melini.

Ndani ya Prydwen tembea polepole. Utakutana na watoto waliovaa sare, ambao Udugu huwaita masquire, wanaofundishwa kuwa askari kabla hawajabalehe. Utaambiwa pia kwamba kiongozi wa jeshi hilo, Arthur Maxson, alikulia ndani ya Udugu tangu utoto na sasa ana miaka 20 tu. Nahodha Kells, baadaye, anaweza kukupa kazi ya kumchukua mmoja wa watoto hao hadi kwenye mapigano ili ajifunze. Ukiifanya, utaona kwamba jeshi linalomhukumu mtu kwa asili yake limejaa watu ambao utoto wao ulichukuliwa na sare, na utayaelewa vizuri zaidi maneno ya Maxson katika hatua ya saba.

Kazi ya kwanza kubwa ni kuiteka Fort Strong iliyojaa mamutanti. Utasafiri ndani ya helikopta yenye bunduki ya mtutu wa kuzunguka. Itumie kumpiga zimwi kubwa lililo nje ya ngome kabla ya kutua, maana ukimwacha utalipia kwa dawa zako zote za kujitibu. Tazama jinsi Danse anavyopigana na mamutanti. Ana chuki nao kuliko inavyotakiwa na amri, na sababu yake utaisikia karibuni.

Hatua ya nne: kutembea naye

Hii ndiyo hatua wanayoiruka wengi, na kwangu ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Danse sasa anaweza kuwa mwandani wako, yaani mhusika anayekufuata kokote. Mchezo unahesabu ukaribu wenu kwa siri. Kila unapofanya jambo mbele yake, ujumbe mfupi utatokea kwenye kona ya skrini ukieleza kama amelipenda au limemuudhi, na kiwango cha juu cha ukaribu ni 1000. Hesabu hii inasonga pale tu anapokuwa karibu na kuona unachofanya. Ukimwacha kambini ukaenda kufanya wema peke yako, hutapata kitu.

Anachopenda, na kilicho rahisi kuliko vyote, ni kukuona ukiingia ndani ya deraya ya mitambo. Anapenda pia unapoboresha silaha kwenye meza ya ufundi. Wachezaji wenye haraka huingia na kutoka kwenye deraya mara ishirini mfululizo wakitarajia kupanda ngazi kwa dakika tano. Haifanyi kazi hivyo, kwa sababu tendo likishahesabiwa halihesabiwi tena mpaka muda fulani wa mchezo upite. Njia nzuri ni ya kawaida: valia deraya kila unapoanza safari, vua unapofika, boresha bunduki moja kabla ya kulala, kisha endelea na kazi zenu. Haylen na Rhys wanatoa kazi ndogo zinazojirudia, za kutafuta vifaa na za kusafisha majengo, na hizo ni kisingizio kizuri cha kutembea.

Yanayomchukiza yanatabirika kwa askari wa aina yake. Usiibe mbele yake, usichomoe mifuko ya watu, usiue asiye na hatia, na usile maiti hata kama tabia uliyomchagulia mhusika wako inaruhusu. Maneno ya huruma kwa masinthi na maghuli pia yatamuudhi. Hapa mchezaji mwenye dhamiri atajikuta njia panda, kwa kuwa baadhi ya kazi nzuri kabisa za mchezo zinawahusu viumbe hao hao. Ushauri wangu ni kutobadili tabia yako ili umpendeze. Kazi za namna hiyo zifanye ukiwa na mwandani mwingine, na Danse umwache asubiri kwenye makazi unayoyakumbuka. Umwache mahali pamoja kila mara. Kumtafuta mwandani uliyemsahau huko Boston ni adhabu.

Ukaribu ukipanda kiasi, ataonyesha kwamba anataka kuzungumza. Usimwahirishe. Tafuta mahali pasipo adui, mgeukie, chagua Talk, na umwache amalize. Katika moja ya mazungumzo hayo atakueleza alikotoka. Alikua peke yake katika magofu ya Washington, akipekua vifusi na kuuza vyuma chakavu ili ale. Alipopata akiba kidogo alihamia Rivet City, mji uliojengwa ndani ya manowari mbovu ya kubebea ndege, akafungua kibanda cha kuuza chakavu. Huko alimpata rafiki wa kwanza wa maisha yake, jina lake Cutler. Udugu ulipopita kutafuta askari, wote wawili walijiunga, kwa kuwa kwa vijana wasio na ukoo sare ilikuwa ukoo.

Kisha Cutler alipotea kazini. Danse aliomba ruhusa ya kumtafuta, akaufuata mkondo wake kwa majuma hadi kwenye ngome ya mamutanti, akapoteza askari njiani, na alipomfikia rafiki yake alikuta amekwisha kugeuzwa mutanti. Hakuwa Cutler tena. Danse alimuua kwa mkono wake mwenyewe.

Sauti yake haipandi anaposimulia. Anaripoti. Mtu aliyewahi kumsikia mzee wa vita akieleza jambo zito kwa mpangilio wa ripoti, tarehe kwanza, mahali pili, maiti mwisho, ataitambua namna hiyo ya kusema. Unapopewa chaguo za kumjibu, za upole hazikupotezei chochote. Na tazama mantiki iliyofichwa ndani ya hadithi hiyo: mtoto asiye na mtu alimpata mtu mmoja, na alipompoteza alijifunza kwamba kiumbe kikishageuka, hata kikiwa na sura ya umpendaye, wajibu ni kukiua. Kanuni hiyo ndiyo iliyomwezesha kuendelea kuishi baada ya Cutler. Ndiyo pia itakayomgeukia.

Usiendelee na hatua ya tano kabla hujayasikia haya. Hilo ndilo sharti moja la mwongozo huu nisilokubali lipuuzwe.

Hatua ya tano: kupanga mfuatano wa kazi

Kuanzia hapa siri inafunguka.

Baada ya kupata njia ya kuingia ndani ya Institute, taasisi ya chini ya ardhi inayotengeneza masinthi, mhandisi Ingram wa Udugu atataka data uliyoinakili kutoka kwenye kompyuta zao. Kukabidhi data hiyo ni sehemu ya kazi ya From Within. Baadaye inafuata Liberty Reprimed, ya kulifufua jitu la chuma la Udugu, na mara tu baada yake mlango wa Blind Betrayal unafunguka. Ndani ya data ile kulikuwa na orodha ya masinthi waliopotea, na mmoja wao, mwenye namba M7-97, vinasaba vyake vinalingana na vya Danse.

Kwa hiyo, kabla ya kumpa Ingram data, jiulize kama mambo haya yamekamilika: umesikia habari za Cutler, umechukua vitu vyako vyote alivyokubebea Danse, na hujawa adui wa Udugu kwa kufuata upande mwingine. Hili la mwisho ndilo linalowaponza watu. Ukiifuata Institute hadi kazi ya Mass Fusion, mchezo utakuonya kwamba Udugu utakuwa adui yako. Ukipita onyo hilo, Danse atabaki upande wa jeshi lake nawe utakuwa umempoteza bila hata kufika kwenye uamuzi. Anayetaka hatimaye kuyafuata makundi mengine ya mchezo, Minutemen au Railroad, bado anaweza, lakini na amalize Blind Betrayal kwanza.

Hifadhi mchezo katika faili jipya kabla ya kukabidhi data, na usiiandike juu ya faili la zamani. Katika ngazi ya Survival huwezi kuhifadhi popote unapotaka. Kule mchezo huhifadhiwa unapolala, basi tafuta kitanda.

Hatua ya sita: Blind Betrayal

Maxson atakuita, na hatakuita kwa upole. Atakuuliza kama ulijua, kisha atakuagiza umtafute Danse na umuue. Hakuna faida kubishana naye hapo. Msikilize, uongee na Quinlan aliyeifumbua orodha ile ukitaka maelezo zaidi, kisha utamkuta Haylen, naye atakuambia mahali ambapo Danse huenda amekimbilia: Listening Post Bravo, kituo cha zamani cha kusikilizia mawimbi. Atakuomba umsikilize kwanza kabla ya kufanya lolote. Mwahidi.

Kabla ya kuondoka, andaa Charisma yako. Vaa nguo zinazoiongeza, beba pombe, ambayo huongeza pointi moja, na kama unayo dawa iitwayo Grape Mentats itunze kwa ajili ya dakika yenyewe, kwani huongeza 5 kwa muda mfupi. Mchezaji wa kike mwenye kipaji cha Black Widow ana nafasi nzuri zaidi mbele ya wanaume. Chaguo za ushawishi huonekana kwa rangi: njano ni rahisi, machungwa ni ya wastani, nyekundu ni ngumu.

Kituo chenyewe ni kidogo. Ndani kuna bunduki za kujiendesha na roboti za ulinzi. Zivunje kwa utaratibu kutoka mbali, kisha ushuke kwa lifti. Hifadhi mchezo kabla hujamsogelea.

Utamkuta bila deraya. Kwa saa zote ambazo umetembea naye alikuwa ndani ya chuma, na sasa ni mtu wa kimo cha kawaida aliyevaa sare, amesimama chumbani akiwa ameshakubali kufa. Hakuombi umwachie. Kinyume chake, atakueleza kwamba yeye ndiye anayepaswa kuwa mfano: ikiwa mashine hazistahili kuishi, basi hawezi kujifanya yeye ni tofauti, la sivyo kila alichopigania ni uongo. Anayemkumbuka Cutler ataona kwamba Danse anajifanyia yale yale aliyomfanyia rafiki yake. Mchezaji aliyeruka hatua ya nne atasikia askari mkaidi tu.

Kunywa ulichobeba kabla ya kuanza kuzungumza, kwa sababu katikati ya mazungumzo huwezi kufungua mkoba. Chagua hoja za kumtaka aishi, na usikate tamaa kwa jibu lake la kwanza. Akikubali atakupa vibati vyake vya jeshi ili uvipeleke kama ushahidi wa kifo, na mtapanda juu pamoja.

Kumuua nako kunaruhusiwa, na mchezo hautakuzuia. Utabaki na heshima ya jeshi na utampoteza milele. Nimeona wachezaji wakilitetea chaguo hilo kwa hoja kwamba ni yeye mwenyewe aliyelitaka. Siwezi kukubaliana nao, kwa sababu anayelitaka ni yule mtoto wa vifusi aliyefundishwa kwamba thamani yake ni sare yake.

Hatua ya saba: Maxson mlangoni

Usidhani mmemaliza. Mkitoka nje, Maxson atakuwa amesimama hapo. Atakukasirikia wewe kwa kumdanganya, na atamwita Danse kwa maneno ya kumshusha kutoka mtu hadi kitu. Danse atajitetea, na hiyo ni mara ya kwanza utakapomsikia akidai kwamba maisha yake, hata kama yalianzia kiwandani, ni yake.

Ushawishi wa pili unafanyika hapa. Ikiwa dawa uliyotumia chini imeisha nguvu, tumia nyingine mara tu utakapotoka, kabla mazungumzo hayajakushika. Hoja zenye nafasi nzuri ni zinazotaja alichokifanya Danse kwa ajili ya jeshi. Ukifaulu, Maxson atakubali suluhisho la uongo: Danse ataandikwa kuwa amekufa, hataruhusiwa kuonana na mtu yeyote wa Udugu, na ataishi uhamishoni. Ukishindwa, wewe au Maxson atampiga Danse risasi, na hapo ndipo lile faili ulilohifadhi litakapokuwa mali.

Mara ya pili nilipocheza nilifaulu chini na kushindwa juu. Nilikuwa nimekunywa chupa zote mbili kabla ya lifti.

Hatua ya nane: baada ya hapo

Ukirudi Prydwen utapandishwa cheo na kuwa Paladini, ukabidhiwe chumba alichokuwa akilala Danse pamoja na deraya yake. Wengi huiona ni zawadi na huivaa papo hapo. Pita kwanza umwone Haylen.

Kisha mrudie Danse. Sasa mnaweza kusafiri tena, ila usimpeleke machoni pa Udugu, kwani kwao yeye ni maiti. Endelea kuujenga ukaribu kama awali. Njia salama ya kufika kileleni ni kumaliza Blind Betrayal akiwa hai na kuendelea naye hadi mazungumzo ya mwisho, ambayo hukupa kipaji cha Know Your Enemy, kinachoongeza asilimia 20 ya madhara unayowafanyia maghuli walioharibika, mamutanti na masinthi. Ni kinaya cha waandishi kwamba sinthi ndiye anayekufundisha kuwaua masinthi, nami nadhani walikikusudia.

Msikilize anapozungumzia kumbukumbu zake. Masinthi wa kizazi cha tatu hutengenezwa wakiwa na umbo la watu wazima, wala hawazaliwi wakakua, isipokuwa mfano mmoja ambao hadithi kuu itakuonyesha. Maana yake ni kwamba yule mtoto aliyeokota vyuma Washington huenda hakuwahi kuwapo, au alikuwa mtu mwingine ambaye kumbukumbu zake zilihamishwa. Railroad, wanaowatorosha masinthi, hutumia wataalamu wa Memory Den huko Goodneighbor kufuta kumbukumbu za zamani na kuweka mpya. Mchezo haumjibu Danse kama hayo ndiyo yaliyompata, na hauonyeshi ni siku ipi maisha yake ya kweli yalianza. Kibanda cha Rivet City kinaweza kuwa kweli. Cutler anaweza kuwa kweli. Njaa ya utotoni, ambayo ndiyo iliyomfanya askari, haiwezi kuthibitishwa, lakini imemuumiza sawasawa na ile ya kweli, na amri zote alizozitii tangu ajiunge na Udugu alizitii kwa sababu yake.

Kwa hiyo unapokutana naye tena Listening Post Bravo, nenda na deraya tupu iliyowekewa vipande vyake na betri, uisimamishe karibu naye, na umwamuru aingie. Wandani hawamalizi betri kama wewe unavyomaliza, kwa hiyo moja inatosha. Ipake rangi yoyote isiyo ya Udugu kwenye kituo cha kurekebishia deraya, kisha muondoke.